Ziwa Nyuma ya Kuta

Ukitoka Barieri Kubwa ya Goma, mashariki ya Kongo, pale mpakani na Gisenyi ya Rwanda, ukafuata ziwa kuelekea bandarini, kisha ukaendelea Himbi mpaka Keshero, utatembea muda mrefu ukiwa hatua chache tu kutoka Ziwa Kivu, na maji yenyewe utayaona kwa nadra. Utaona kuta. Ni kuta za mawe meusi ya volkano, zimepangwa kwa ustadi ambao mafundi wa Goma tu ndio wanao, na juu yake kuna vipande vya chupa au seng'enge, na juu ya seng'enge kuna maua. Kila baada ya ukuta kuna geti la chuma na mlinzi. Ziwa liko huko ndani, nyuma ya nyumba za watu.

Nilizaliwa hapa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya volkano ya Nyiragongo kumwagika, na ufuo huo niliujua kwa matundu yake. Palikuwa na mfereji wa maji ya mvua kati ya viwanja viwili, mtoto mwembamba aliweza kuufuata mpaka kwenye miamba. Palikuwa na nyumba moja ambayo mwenyewe aliondoka mwaka 1973, Mobutu alipotwaa mali za wageni, na aliyeipewa hakuja kukaa. Mlinzi wake alikuwa jirani yetu mtaani Birere, na mchana jua likiwa kali alituruhusu kupita ilimradi tusipige kelele. Palikuwa na pembe ya bandari ambapo mawe yaliteleza kwa ukungu wa kijani. Watoto wa Birere tulipashana habari za matundu hayo kwa siri, na tundu moja likizibwa, habari ilifika mtaani kabla ya jioni.

Siku hizo Goma ilikuwa mji mdogo, na ulikuwa mji wa watalii. Wadogo zangu hawaamini ninapowaambia. Wageni walikuja kwa ndege kutoka Kinshasa, au kwa gari kutoka Kigali kupitia Gisenyi. Walilala usiku mmoja kando ya ziwa, kesho yake wakapanda gari kwenda Djomba kuona sokwe wa milimani, au Rwindi kwenye tambarare ya viboko na nyati, au Kibati, pale njia ya kupanda Nyiragongo inapoanzia. Halafu walirudi ziwani kupumzika, na wengine wakachukua meli kwenda Bukavu. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya aina yake Afrika nzima, na mwaka 1979 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hayo sikufundishwa shuleni. Aliyenifundisha ni baba yangu, ambaye alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni.

Baba alijua mambo mengi kuhusu ziwa kwa sababu wageni waliuliza. Alijua kina chake, karibu mita 480. Alijua halina mamba, na hilo wageni waliliuliza kwanza kabla hawajavua viatu. Alijua kwamba sambaza, samaki tunayemfikiria kuwa wetu tangu mwanzo wa dunia, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu lilikuwa maskini wa samaki. Jioni aliporudi na kipande cha jibini ya Masisi kimefungwa kwenye karatasi, alitupa habari hizo pamoja na jibini. Sisi tulikula vyote viwili.

Sina chuki na watalii. Ada yangu ya shule ilitokana na mayai waliyokula asubuhi. Mtaa wetu mzima uliishi kwa namna hiyo: mmoja alichonga vinyago vya kuuza barabarani, mwingine alifua shuka za hoteli, mwingine alibeba mizigo ya wageni mlimani, mwingine alikata majani kwenye bustani ambazo mtoto wake hakuwahi kukanyaga. Mama aliuza sambaza Birere, na wale wakubwa waliobaki wazima walikwenda hotelini kwa baba. Na sisi watoto tulikimbia nyuma ya magari tukipiga kelele, «Muzungu, biskwi!», na biskuti zilirushwa dirishani. Nikikumbuka sauti zetu wenyewe nasikia huzuni, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekuwa ametuambia kwamba sisi ndio wenyeji, na kwamba mwenyeji ndiye anayesema karibu.

Ziwa letu lilikuwa kazi. Maji ya bomba yalikuja yalipotaka, na yasipokuja tuliteremka na bidoni, madumu ya maji, alfajiri. Wasichana hasa. Wavulana walifika ufuoni wakavua nguo wakaruka majini, wakajua kuogelea bila kufundishwa. Sisi tulijaza, tukainama, tukapandisha. Ndiyo maana wanawake wengi wa rika langu, waliozaliwa mita mia chache kutoka majini, hawajui kuogelea. Boti inapozama, na Kivu boti huzama, Oktoba 2024 ilizama moja karibu na Kituku watu wakiwa wanaiona kutoka nchi kavu, mimi hufikiria kwanza wanawake waliokuwemo na utoto wao wa bidoni.

Alfajiri hiyo ilikuwa na uzuri wake na sitaki kuunyima. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi. Mitumbwi yao ni mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, na taa za mafuta zinawaita samaki usiku kucha. Walipiga makasia kwa wimbo, mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na sauti ilitangulia kufika kabla hujaona mtumbwi. Wageni waliamka mapema wakakaa kwenye baraza za hoteli na blanketi mabegani kuwasikiliza. Sisi tulikuwa chini, miguu majini, tukisikiliza wimbo uleule. Sikuwahi kuona kwamba kuna tofauti mpaka siku moja mgeni mmoja, mama wa makamo, alinipungia mkono kutoka juu ya ukuta, nami nikatazama nyuma kuona anampungia nani.

Kulikuwa na hofu pia, na hofu hiyo ilikuwa elimu. Mama alituambia, «Usishuke mu shimo asubui, mazuku itakukamata.» Mazuku ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde madogo, hasa Himbi, Keshero na kuelekea Mugunga, wakati jua halijapasha na upepo haujavuma. Haina rangi. Mbuzi anaingia kula majani anaanguka, mbwa anamfuata anaanguka, na mtu akiinama kumwokota anaweza kuanguka naye. Tulijua kusoma shimo: ukiona ndege au panya amekufa bila jeraha, unarudi nyuma. Wataalamu wanasema chini ya Kivu kumeyeyuka kilomita za ujazo 300 hivi za kaboni hiyo na 60 za methani. Mtoto wa Goma hakuhitaji hesabu hizo ili aliheshimu ziwa.

Na mlima. Volkano ilipowaka, usiku usio na mawingu anga upande wa kaskazini lilikuwa jekundu, kama jiko la makala lililofunikwa sufuria. Tuliuzoea kiasi kwamba wekundu wake ukipotea wazee waliulizana una nini. Mama alisimulia Januari 1977: ziwa la moto lililokuwa juu kileleni lilitoboka ubavuni na kumwagika lote katika muda usiofika saa moja, lava nyepesi ikikimbia kuliko gari kwenye barabara mbovu, vijiji vya chini vikamezwa pamoja na watu na tembo. Alikuwa na mimba changa ya kaka yangu. Hakuusema mlima kwa chuki. Alisema, «Iko pale, na siye tuko hapa,» akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Hakuna hata mmoja katika darasa letu aliyekuwa ameupanda, wala aliyekuwa ameona sokwe. Shule yetu haikutupeleka Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, ambako ni mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari. Picha ya kwanza ya sokwe wa Virunga niliyoiona ilikuwa kwenye kadi ya posta iliyosahauliwa hotelini. Nyuma yake mtu alikuwa ameandika mistari miwili ya Kifaransa kwa dada yake wa Ubelgiji na hakuituma. Baba aliibandika ukutani. Kwa miaka mingi niliamini mnyama yule anaishi mbali, nchi nyingine.

Jumapili tulikwenda Gisenyi. Hilo ndilo jambo ambalo nataka msomaji alielewe kuliko mengine yote. Baada ya misa, familia za Birere zilivuka Barieri Ndogo kwa miguu, mama na mikoba, baba na redio, watoto wamevalishwa soksi, tukaenda kukaa kando ya ziwa letu wenyewe kwenye nchi ya jirani. Kwa sababu Gisenyi ina ufuo. Kuna barabara ya ziwani yenye miti mikubwa, upande mmoja ziko nyumba na hoteli, na upande wa pili kuna mchanga ambao mtu yeyote anakanyaga. Mji ni uleule mmoja uliokatwa na mstari, ziwa ni lilelile, maji yanayopiga pale ndiyo yanayopiga Goma, lakini kule aliyechora barabara aliipitisha kando ya maji, na kwetu viwanja viliteremshwa mpaka majini. Ni uamuzi wa ramani tu. Mtu alikaa mezani na rula.

Tulikaa mchangani mpaka saa kumi na moja. Mama alivua viatu. Nilimwona mama yangu akiwa hana mzigo kichwani karibu na maji, na hilo nililiona upande ule tu. Kisha tulikimbilia barieri kabla haijafungwa, tukarudi nyumbani, na Jumatatu alfajiri nikateremka tena na bidoni kwenye mfereji wa maji ya mvua.

Yaliyofuata yanajulikana, nayapita haraka. Wanajeshi walipora miji mwaka 1991 na tena 1993, wageni wakapungua, baba akapunguziwa siku za kazi, halafu kazi ikaisha. Julai 1994 watu wapatao milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda ndani ya siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika wiki chache, na ardhi yetu ya mawe ilikataa kuchimbwa makaburi. Wakati huo matundu yote ya ufuo yalijaa watu wenye kiu, na maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tangu hapo siwezi kusikia ziwa likisifiwa kwa uzuri wake tu bila kuuliza nani anakunywa nini.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo iliingia mjini. Lava ilipita uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikafika ziwani na mvuke ukapanda mpaka tukadhani ziwa lenyewe linachemka. Sehemu kubwa ya biashara na mitaa ya katikati ilizikwa, nyumba yetu pia. Lakini kuna jambo moja la siku zile ambalo sijalisoma mahali popote, nami nililiona. Lava ilivunja kuta. Ilipoingia majini ilitengeneza ardhi mpya, ulimi mweusi wa jiwe lililosimama ndani ya ziwa, na kwa muda ardhi hiyo haikuwa ya mtu. Ilipopoa tulikwenda. Watu walikaa juu yake jioni wakiwa bado wana joto la jiwe chini ya miguu, waliopoteza kila kitu na waliopoteza nusu, wakitazama maji bila kuomba ruhusa. Wavulana walivua kwa ndoano. Akina mama walichota maji karibu. Huo ndio ufuo wa kwanza wa wazi niliouona upande wa Goma, na mlima ndio uliotupatia.

Kisha vikaja vigingi, na baada ya vigingi mawe yakapangwa.

Mji ulikua kwa kasi baada ya hapo. Vita vilileta watu kutoka Masisi na Rutshuru, mashirika ya misaada yalileta pesa za kodi, na ufuoni zilipanda hoteli za ghorofa na nyumba kubwa zenye bustani mpaka majini. Watalii nao walirudi kidogo. Kabla ya hifadhi kufunga milango tena mwaka 2018, na kisha 2020, wageni walilipa dola 400 kwa kibali cha sokwe na 300 kupanda Nyiragongo. Bei ya wakazi ilikuwa chini ya hapo, na bado ilikuwa nje ya uwezo wa mwalimu wa shule ya msingi, ambayo ndiyo kazi yangu.

Mdogo wangu alinilipia mwaka 2016. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nane nilipoupanda mlima ninaoutazama tangu nijue kutazama. Kutoka Kibati ni saa tano hivi, kwanza msitu, kisha mawe yanayoteleza chini ya kiatu, kisha baridi. Kileleni, mita 3,470, kuna vijumba vidogo vya wageni vilivyong'ang'ania ukingo. Chini kabisa ya shimo ziwa la moto lilikuwa linapasuka na kujifunga, na mlio wake ulifika mpaka juu. Nilisimama pale nikalia, na sikuona aibu. Mbebaji mmoja, kijana wa Kibumba, alinipa kitambaa, akasema, «Dada, miye napandaka huku kila juma, lakini sijalalaka mu kajumba hata siku moja.» Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia ni mwalimu alisema angependa watoto wake waone, maana wanajua tu kwamba baba anarudi na magoti yanauma.

Upande wa pili wa ukingo taa za Goma zilionekana zote, na baada ya taa, giza la ziwa. Kutoka juu hakuna kuta. Niliwaza hesabu ya ajabu: wageni wangapi wameuona mji wetu hivi, na wanafunzi wangu, ambao nawafundisha jiografia ya Kivu kwa chaki, hakuna.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki, na nakisema nikijua tulipo. Mwisho wa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ukafungwa, na watu wamezika ndugu zao. Rafiki zangu wananiuliza nani ana muda wa ufuo sasa. Nawajibu kwamba viwanja havisubiri amani. Hati huandikwa vitani pia, na ukuta uliojengwa mwaka wa risasi unakutwa umesimama mwaka wa utulivu. Waliogawa ufuo huu tangu wakati wa Wabelgiji hawakuwahi kusubiri siku nzuri.

Sheria ya ardhi ya Julai 1973 bado inasema udongo wa nchi hii ni mali ya Taifa, isiyouzwa milele, na mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Sidai nyumba ya mtu. Nadai mapito. Njia ya miguu kati ya kiwanja na kiwanja, kila baada ya mwendo mfupi kutoka Barieri Kubwa mpaka Keshero, yenye upana wa chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kupishana, inayofika majini na isiyofungwa usiku. Kwenye kila pito, bomba la maji yaliyotiwa dawa, ili anayekuja kuchota asirudi na kipindupindu. Mahali pamoja penye kina kifupi, pawe na mtu wa kufundisha kuogelea, na wasichana waanze. Na siku hifadhi itakapofungua tena milango yake, darasa moja la kila shule ya Goma lipelekwe Rumangabo na Kibati kila mwaka kabla ya mgeni wa kwanza kuuziwa kibali, na watoto wa wabebaji wawe mstari wa mbele.

Pamoja na wanafunzi wangu wa darasa la sita nimeanza kuchora ramani ya mapito yaliyokuwepo. Wao wanauliza wazazi na babu zao, mimi naweka alama: mfereji ulipita hapa, ngazi za mawe zilikuwa pale, hapa akina mama wa Katindo walifulia. Mengi yamezibwa, machache bado mtoto mwembamba anapita. Kila alama ina jina la mtaa na mwaka ambao mtu wa mwisho anakumbuka kupita. Ramani ikikamilika tutaipeleka katika ofisi ya ardhi, yeyote atakayekuwa amekaa humo, na tutaomba muhuri wa kupokelewa.